Shingo Haivumilii Kisu cha Kubahatisha

Mama mdogo wangu aliukuta uvimbe asubuhi moja akifunga kitambaa kichwani aende misa. Kidole chake kiligusa kitu kama punje ya haragwe chini ya taya, upande wa kushoto. Watu wa nyumbani wakaubonyeza mmoja baada ya mwingine, kila mtu akasema lake. Baada ya miezi 3 punje ilikuwa imefikia ukubwa wa yai la njiwa. Nikamwambia twende hospitali. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, mashariki ya Kongo: "Mwanangu, kitu yenye haiumi, nitaitafutia dawa ya nini?"

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na jibu hilo nimelisikia kwa wagonjwa wengi mno. Kila nikilisikia moyo unanishuka. Uvimbe wa shingo unaouma mara nyingi umeletwa na jino bovu au koo lililovimba, na hupungua wenyewe au kwa dawa. Uvimbe wa mtu mzima usiouma, mgumu, ambao wiki 2 au 3 zimepita na haujapungua, huo ndio wa kumkosesha mtu usingizi. Kansa, au kansere kama tunavyoiita hapa, huingia kwenye tezi ya shingo kimyakimya na inaweza kukaa humo muda mrefu bila kumwamsha mwenyewe usiku hata mara moja.

Safari ile sikufanikiwa kumfikisha hospitali. Jirani alimpeleka kwenye zahanati ya mtaani, na kijana wa pale akamdunga sindano ya ganzi, akapasua, akakitoa kile kiyai, akashona kwa uzi mweusi, mafundo 5. Kazi ya nusu saa. Nilipofika jioni niliuliza kipande kiko wapi. Alinionyesha ndoo ya taka, na ndoo ilikuwa imeshamwagwa. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya alichokizoea kwenye majipu na vivimbe vya mafuta, na alimtoza mama yangu bei ya huruma.

Miezi 4 baadaye palipokuwa na kimoja palikuwa na vitatu. Ngozi kuzunguka kovu ilikuwa nyekundu na imeshikamana na kilichokuwa chini yake, haisogei. Safari hii tulikuwa mbele ya daktari wa masikio, pua na koo, na jambo la kwanza alilofanya ni kuvaa glovu, kuwasha tochi na kumwomba mama afungue mdomo. Ubavuni mwa ulimi, mkabala na gego lililovunjika, palikuwa na kidonda kidogo chenye kingo ngumu. Mama alidhani jino ndilo linamkwaruza. Tangu siku ya kitambaa hadi siku ile hakuna mtu aliyekuwa amemwambia afungue mdomo.

Ndiyo maana naandika. Hapa kwetu, mazungumzo juu ya kansa ya shingo huishia haraka kwenye mashine tusizo nazo na tiketi za ndege za kwenda India. Ni kweli mashine hazipo. Lakini wagonjwa wengi ninaowaona mezani walikuwa wameshapoteza nusu ya nafasi yao kabla ya kufika kwenye swali la mashine, kwa sababu hatua zilipinduliwa: kisu kilitangulia, uchunguzi ukafuata. Upasuaji wa kansa iliyosambaa shingoni ni mzuri ukifanywa mara moja, kwa mpango, na mtu anayejua ugonjwa umetoka wapi. Ukifanywa nusunusu, daktari bingwa wa baadaye hurithi uwanja uliokwisha kuharibiwa.

Wahenga walisema mwiba uingiapo ndipo utokeapo, na kwenye shingo methali hii ni somo la tiba. Karibu theluthi moja ya tezi za limfu za mwili mzima ziko shingoni. Limfu ni maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, yakapita katikati ya nyama za mwili, kisha yakakusanywa na kurudishwa kwenye damu. Njiani yanapita kwenye tezi, na kila tezi ni kama barieri ya barabara ya Walungu: kila apitaye anasimamishwa na kukaguliwa. Seli ya kansa iliyochomoka kwenye ulimi inasimamishwa kwenye barieri ya kwanza. Isipouawa hapo inaweka makazi, inazaana, na siku moja inaendelea hadi barieri inayofuata.

Madaktari wameigawa shingo katika kanda kwa namba. Ya 1 iko chini ya kidevu na taya, ya 2, ya 3 na ya 4 zinateremka kuufuata mshipa mkubwa wa damu ulio ubavuni, ya 5 iko nyuma kuelekea bega, ya 6 iko mbele kuzunguka koromeo na tezi ya tiroidi. Kansa ya mdomo hupenda kanda ya 1 hadi ya 3. Kansa ya kisanduku cha sauti huenda ya 2 hadi ya 4. Ya tiroidi huanzia ya 6 kisha ikatambaa ubavuni. Kwa hiyo anayejua kusoma namba hizi akigusa uvimbe anajua atafute wapi chanzo. Na ule uvimbe unaotokeza juu tu ya mtulinga wa kushoto, ambao Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, aliueleza tangu mwaka 1848, mara nyingi hauna chanzo mdomoni wala kooni. Umetoka tumboni. Mgonjwa huyo ukimfungua shingo umemuumiza bure.

Wapo wengine ambao kisu si dawa yao, na hawa ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Limfoma ni kansa ya tezi zenyewe, na dawa za kemikali ndizo zinazoitibu. Kwa watoto wetu iko ile ya taya na tumbo, ambayo Denis Burkitt aliiandika akiwa Uganda mwaka 1958, na mtoto yule akipata dawa mapema uvimbe unaweza kuyeyuka ndani ya siku chache mbele ya macho ya wazazi. Kansa iliyoanzia nyuma ya pua hujitambulisha kwa uvimbe wa shingo hata pua yenyewe haijalalamika, nayo hutibiwa kwa mionzi, pamoja na dawa ikiwa imesonga mbele. Kisha kuna kifua kikuu cha tezi, ambacho kimejaa hapa Kivu na hupenda shingo kuliko mahali pengine. Mgonjwa wa namna hii anahitaji vidonge vya miezi 6 ambavyo mpango wa taifa hutoa bure, hahitaji makovu.

Kifua kikuu hutuponza kwa njia mbili. Tunapasua tezi ambayo ingepona kwa vidonge. Halafu, kwa sababu kifua kikuu ni kingi, tunawapa vidonge watu wenye kansa kwa kukisia, miezi inapita, na uvimbe unaendelea kukua chini ya jina la ugonjwa mwingine. Nimemwona mwalimu mmoja wa Kabare aliyemaliza dozi nzima ya miezi 6 bila hata tone moja la tezi yake kuwahi kupimwa. Alipokuja kwetu uvimbe ulikuwa umeukumbatia mshipa mkuu wa damu uendao kichwani, na hapo hakuna tena mpasuaji mwenye akili timamu anayegusa.

Kinachotuondolea kukisia ni sindano. Sindano nyembamba, ile ile ya kutolea damu au ndogo zaidi, inachomwa kwenye uvimbe, inavuta seli chache, zinapakwa kwenye kioo na kusomwa kwa darubini. Sehemu ya majimaji hayo inaweza kwenda kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta vijidudu vya kifua kikuu. Haiachi kovu, haivurugi kanda, inachukua dakika 10. Ina mipaka yake: limfoma kwa kawaida inataka tezi nzima ili msomaji aone ilivyojipanga, kwa hiyo siku nyingine kisu kitahitajika kweli. Hata hivyo, kisu hicho kishikwe na mtu anayeweza kuendelea na upasuaji mkubwa ikibidi, na mkato uwekwe mahali ambapo mkato wa baadaye utapita, ili kovu la kwanza liondolewe pamoja na ugonjwa.

Kwa nini naikazania hivi tezi iliyotolewa peke yake? Kwa sababu tezi yenye kansa ikipasuliwa, seli zinamwagika kwenye kidonda, na maji yakimwagika hayazoleki. Kovu linaunganisha tabaka ambazo Mungu alizitenganisha. Mpasuaji wa pili haoni tena njia kati ya msuli na mshipa. Anaona ukuta mmoja wa nyama ngumu, na hajui ugumu upi ni kovu na upi ni kansa. Ili awe salama anakata vyote. Gharama ya nusu saa ya zahanati inalipwa hapo, na anayelipa ni mgonjwa.

Upasuaji mkubwa wa shingo una historia, na historia yake inatuhusu. Mwaka 1906 daktari George Crile wa Cleveland, Marekani, alichapisha taarifa ya upasuaji 132 aliokuwa amefanya. Hoja yake ilikuwa kwamba tezi zisitolewe moja moja kama mtu anayeokota mawe. Kanda zote ziondolewe kwa pamoja, kipande kimoja, na kila kilichomo. Pamoja na tezi ulikwenda msuli mnene unaotoka nyuma ya sikio hadi kifuani, ukaenda mshipa wa jugula unaorudisha damu kutoka kichwani, na neva ya 11 ikaenda pia mara nyingi. Nusu karne baadaye Hayes Martin wa New York aliifanya njia hiyo kuwa sheria ya wapasuaji. Ripoti yake ya mwaka 1951 ilikuwa na upasuaji 1,450. Watu walipona ambao zamani wangekufa. Lakini walipona wakiwa na bega lililoanguka.

Neva hiyo ya 11 nyembamba kama uzi wa kiatu ndiyo inayouamuru msuli mpana unaoshika bega na kuinua mkono. Ikikatwa, bega linateremka na kwenda mbele, mkono haupandi tena vizuri juu ya usawa wa bega, na maumivu ya pale huwa ya kila siku. Mtu wa ofisini atapata taabu kuchana nywele na kuvaa shati. Sasa mfikirie mama wa Beach Muhanzi, bandari yetu ya ziwani, anayepokea magunia yanayoshushwa kwenye boti za kutoka Idjwi. Anabeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na uzito wote unashikwa na shingo na mabega akipanda mlima wa Kadutu. Mkate wa watoto wake unakaa juu ya misuli ile ile ambayo Crile aliikata. Kwa mama huyu, kuuliza kama neva itahifadhiwa ni sawa na kuuliza kama nyumba yake itakula.

Aliyeifungua njia nyingine ni Osvaldo Suárez, daktari wa Argentina, aliyeandika mwaka 1963 kwa Kihispania. Ettore Bocca wa Milano ndiye aliyeieneza kwa wasomaji wengi zaidi. Suárez aliona kwamba tezi zimelala ndani ya mafuta, na mafuta hayo yamefungwa kwenye utando unaoizunguka misuli na mishipa kama ganda la kitunguu. Ukiutoa utando pamoja na kilichomo, kansa inaondoka na msuli unabaki, mshipa unabaki, neva inabaki. Kisha miaka ilivyokwenda wapasuaji wakaanza kuchagua hata kanda: kwa ulimi watoe ya 1 hadi ya 3 au ya 4, waache ya nyuma ambako ugonjwa haufiki kirahisi.

Nimesimama upande wa pili wa meza nikipitisha vyombo katika upasuaji wa namna hiyo, na kuna dakika moja ambayo sijawahi kuizoea. Mpasuaji ameufunua msuli mnene, ameuvuta pembeni. Mshipa wa jugula unaonekana, buluu, ukijaa na kunywea kwa kila pumzi. Nyuma yake karotidi, mshipa upelekao damu kichwani, inadunda. Anatafuta neva ndani ya mafuta ya manjano, polepole, ncha ya mkasi ikifunguka na kufunga. Kisha ghafla bega la mgonjwa linaruka chini ya shuka, ingawa amelala fofofo kwa nusukaputi. Chombo kimeigusa neva. Chumba kizima kinatulia. Mpasuaji anaizungushia utepe mwembamba, na tangu hapo kila mtu mezani anajua kitu cha kulinda.

Sisemi kila mgonjwa anaweza kuhifadhiwa neva. Kansa ikiwa imetoboa ganda la tezi na kuishika neva, neva inakwenda, na ni haki iende. Kuiacha ni kuacha kansa. Ninachosema ni kwamba uwezekano wa kuihifadhi unajengwa au kubomolewa wiki na miezi kabla, kule kwenye kituo cha afya ambako mtu wa kwanza aliushika uvimbe.

Swali gumu zaidi ambalo wenzangu kazini hubishana ni hili: je, tupasue hata kabla uvimbe haujaonekana? Mtu ana kidonda kidogo cha ulimi, shingo inaguswa haina kitu. Utoe ulimi peke yake na umwambie arudi kuangaliwa, au utoe na tezi siku hiyo hiyo? Jibu bora nililolisoma halikutoka Ulaya, lilitoka Mumbai, hospitali ya Tata Memorial, mwaka 2015. Wagonjwa 500 waliokuwa na kansa changa ya mdomo waligawanywa makundi mawili: wengine walitolewa tezi pamoja na kidonda, wengine walisubiri hadi uvimbe utokee. Baada ya miaka 3, waliotolewa mapema 80 kwa 100 walikuwa hai, waliosubiri, 67.5 kwa 100. Na hao waliosubiri walikuwa wakifuatiliwa kwa karibu, kwa miadi na vipimo. Kwetu, mgonjwa wa Shabunda au Mwenga ukimwambia rudi baada ya miezi 2 tukuangalie shingo, unamwambia atafute njia ambayo mvua imeikata, na fedha ambazo ameshazitumia. Wengi tutawaona tena wakati uvimbe umetokeza kupitia ngozi. Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaosema: mgonjwa akiwa mezani kwa ajili ya ulimi, na kidonda kimezama, shingo ifanywe siku hiyo hiyo.

Wapo wanaosema kwamba bila mionzi upasuaji wa shingo ni kuwatesa watu. Nawaheshimu, na nusu ya hoja yao ni kweli. Tezi moja tu yenye kansa ya aina ya ngozi-laini, ile inayoanzia kwenye utando wa mdomo na koo, hupunguza nafasi ya kuishi kwa karibu nusu, na zikiwa nyingi, au ganda la tezi limetobolewa, kisu peke yake hakitoshi: mionzi lazima ifuate, na mara nyingine na dawa ya sisiplatini juu yake. Bukavu haina mashine ya mionzi. Lakini mgonjwa mwenye tezi moja ndogo, iliyotolewa ikiwa nzima ndani ya kanda zake, anaweza kupona kwa kisu peke yake. Mwenye kansa ya tiroidi ya aina ya kawaida, hata ikiwa imefika shingoni, ana matumaini makubwa baada ya upasuaji mzuri, mradi apate kidonge chake cha homoni kila siku ya maisha yake. Hilo si dogo katika nchi ya Kivu, ambako kisiwa cha Idjwi kilijulikana kwa wanasayansi tangu zamani kwa sababu ya wingi wa rovu; watu wamezoea uvimbe wa mbele ya shingo kiasi kwamba hawastuki unapoongezeka wa pembeni. Nao ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua linawachoma uso na masikio hadi kansa ya ngozi inateremka kwenye tezi, wengi wao kisu kilichowahi kingewaokoa.

Kuhusu mionzi yenyewe, tuzungumze kama watu wanaoishi mpakani. Kigali ina huduma hiyo tangu 2019. Ukivuka Ruzizi, ukapita Kamembe na msitu wa Nyungwe, ni safari ya siku moja. Kinachowashinda watu wetu mara nyingi ni kitanda na chakula. Mionzi ya baada ya upasuaji hutolewa kidogo kidogo, siku 5 kwa wiki, kwa kawaida mara 30 hivi, maana yake wiki 6 za kuishi katika mji usio wako, na mtu wa kukusindikiza. Na saa inahesabu: inafaa ianze ndani ya wiki 6 tangu siku ya upasuaji, kwa sababu seli zilizobaki hazingojei familia ichange. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, hata mwenye akiba alijikuta hana cha kushika mkononi. Nimeona mgonjwa ambaye upasuaji wake ulikwenda vizuri kuliko wote wa mwezi ule, kisha wiki zikapita akihangaikia nauli, na uvimbe ukarudi juu ya kovu jipya.

Kwa hiyo naamini upasuaji wa namna hii usipangwe kabla tarehe ya mionzi haijaulizwa. Barua iende Kigali mgonjwa akiwa bado hajalazwa. Familia ikae chini na muuguzi, ihesabu wiki 6 za kulala na kula, na kama hesabu haitimii, mpasuaji ajue kabla ya kupasua, maana uamuzi wake unaweza kubadilika. Meno mabovu yang'olewe mapema, kwa kuwa kung'oa jino kwenye taya iliyopigwa mionzi kunaweza kuuozesha mfupa. Makanisa yetu na mitueli za afya, yaani vyama vya kuchangiana matibabu, zinazochanga kwa ajili ya mazishi na kwa ajili ya tiketi za mbali zingeweza kukodi nyumba moja tu Kigali, vyumba vinne, kwa wagonjwa wa Kivu. Naamini nyumba hiyo ingeokoa watu wengi zaidi kuliko mgonjwa mmoja kwa mwaka anayepelekwa ng'ambo kwa mchango wa mji mzima.

Na kabla ya hiyo nyumba, kichupa. Kipande chochote kinachotoka shingoni mwa mtu kiingie kwenye formoli, dawa ya kukihifadhi kisioze, maji yake yawe mara 10 ya ukubwa wa kipande, na jina liandikwe kwa penseli kwa sababu wino hufutika. Anayesoma vipande akiwa mbali, kichupa kinasafiri. Cha mama mdogo wangu kilisafiri kwenye mkoba wangu, kimefungwa mifuko miwili ya plastiki, nikiwa nimekipakata magotini kama yai.

Alipasuliwa mara ya pili, upasuaji wa kweli, ubavu wa ulimi pamoja na shingo yote ya kushoto. Sikuingia chumbani siku hiyo; mwenzangu alinikataza, na alifanya vema. Ilichukua saa 5. Mpasuaji alipotoka alinieleza kwamba chini ya kovu la kwanza hakuona tabaka hata moja. Msuli ulitolewa, mshipa ulitolewa, neva ilikuwa imemezwa. Siku ya 3, alipoanza kunywa uji, mrija wa kidonda ukaanza kutoa maji meupe kama maziwa: bomba linalobeba mafuta ya chakula kutoka tumboni, ambalo upande wa kushoto hupita chini kabisa ya shingo, lilikuwa limejeruhiwa. Alikaa siku 11 kwa chakula kisicho na mafuta, bandeji imekazwa, hadi likaziba. Kisha Kigali, wiki 6, kwa fedha za ndugu na za kwaya yake.

Huu ni mwaka wa pili. Ulimi unamkwaza kwenye maneno marefu, lakini anasema yote anayotaka kusema. Anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kama zamani, ila beseni hawezi kujitwika tena. Mkono wa kushoto unaishia usawa wa kifua, na mjukuu wake ndiye anayemtwika kabla ya kwenda shule. Siku shule ikianza mapema, hauzi.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mlangoni akimngoja huyo mtoto. Aligeuka kunitazama kwa mwili mzima, maana shingo haizunguki, akaniuliza kama yule kijana wa zahanati bado anapasua watu. Nikamwambia nilikwenda kuongea naye, nikampelekea tochi na vijiti vya kukandamizia ulimi, na kwamba juzi alinipigia simu kuhusu mzee mmoja aliyemtazama mdomoni kabla ya kumgusa shingo.

Akafikiri kidogo. "Umupelekee na vichupa," akasema.